Viatu vya Mutu wa Franga

Baba yangu alikuwa na sheria moja tu ya kujua kama mutu iko na franga: muangalie viatu. Vikiwa vipya, ule mutu hana kitu. Vikiwa vimepasuka, mupe heshima! Na musicheke baba yangu, juu Butembo ni vile. Batajiri betu banaendaka mpaka Dubai kuleta konteneri za mabati, kisha banarudia hapa, banatembea ku soko na viatu vya pneu ya gari na koti yenye hata mbuzi itakataa kula. "Mutu wa franga hapana kujionyesha," baba alisemaka. "Mutu wa kujionyesha iko na njaa." Donc, wakati nilipata diplôme yangu ya sekondari na tukafika ku swali ya faculté ya kusoma ku université, baba hakuuliza mwalimu, hakuuliza padri. Alisema tutaenda kuangalia viatu.

Swali yenyewe ilikuwa hii: pharmacie, kazi ya dawa, ao comptabilité, kazi ya hesabu ya franga? Miye nilikuwa nataka pharmacie tangu utoto. Nilipenda kusoma vile vikaratasi vyenye vinakuwaka mu boîte ya dawa, hata mu misa nilikuwa navisoma. Mama alisema, "Batoto ba benzangu banasoma kitabu cha nyimbo, wangu anasoma paracetamol." Lakini pharmacie ni miaka sita, comptabilité ni miaka tatu, na baba alikuwa na kitu kimoja tu cha kunisomesha: kipande cha kalitusi kule kwetu Kipese, miti yenye alipanda mwaka ule nilizaliwa. Akishakata akauzisha mbao, amemaliza. "Sitakata miti ya miaka yote ile juu ya kazi yenye hailipi," alisema. "Tuone kwanza kazi gani inaingiza." Inscription, kuandikisha majina, ilikuwa inafungwa kisha siku tano.

Kusema kweli, sikukuwa na wasiwasi sana. Viatu vya baba vilikuwa vibaya kuliko vya batu bote ba Kipese. Visigino vilishaisha, kidole cha muguu wa kushoto kilikuwa kinachungulia inje. Kwa sheria yake mwenyewe, alikuwa tajiri wa kwanza mu milima yetu. Alipokuwa anasema ya kama ile miti njo kitu yote iko nayo, nilikuwa najicheka ndani: ficha tu, Tata, ficha muzuri. Ku masomo niliambia benzangu ya kama baba iko na nyumba Kampala.

Siku ya kwanza tulishuka Butembo kwa comptable mumoja wa dépôt ya sabuni, mutoto wa parokia yetu. Mama yangu wee! Viatu virefu mbele, vinangaa mpaka niliona meno yangu ndani. Cravate. Marashi. Baba alimusalimia, akamuuliza habari ya bazazi, akaangalia chini mara moja tu, na sura yake ikabadilika. Alikuwa na huruma. Akafungua kifuko chetu, akatoa shu moja kubwa, kabichi yenye mama alituma tuuzishe ku soko, akamupatia na mikono mbili. Comptable aliikamata mbio, akaiweka chini ya meza mbele hatujamaliza kusema kwa heri.

"Uliona?" baba aliniambia inje. "Uliona vile alikamata? Maskini. Ule mutoto anakufa njaa, na cravate ku shingo."

Siku ya tatu tukakamata moto, pikipiki ya kwenda Beni kwa pharmacien mumoja: motard mwenye kuendesha, baba, miye, na kifuko cha viazi vya kuchoma. Ku barrière moja ya barabara soda, askari mwenye kulipisha batu, akaangalia baba kuanzia chini, akasema, "Papa, leka, pita tu bure." Kisha akamupatia na kipande cha muwa. Baba alikula ule muwa mpaka Beni na kiburi kama cha askofu. "Viatu," aliniambia na kinywa kimejaa. "Viatu!"

Pharmacien wa Beni tulimukuta amekaa ku casier, sanduku ya chupa za bière. Blouse yake, koti ya kazi, ilikuwa nyeupe zamani. Kioo cha kabati kilikuwa kimeshikwa na sparadrap ya kufunga vidonda. Na ku miguu, eee, viatu vya pneu, na kimoja kilikuwa kimefungwa na kiwaya! Baba akanifinya mukono mpaka ikaniuma.

"Ona ile kiwaya," alisema polepole. "Huyu hata yeye hajui franga zake zote."

Tukakaa. Baba akauliza kwa adabu kazi inaendelea namna gani. Pharmacien akasema, "Muzee, tunateseka tu." Baba akanikonyeza. Akauliza habari ya mushahara. "Mushahara? Mwezi hii sijauona. Hata unga ya bugali leo hakuna." Baba alipiga mapaja na furaha. "Unasikia? Hata unga!" Vile ule mutu alizidi kulia, vile baba alizidi kumuheshimu. Tulimukaribisha viazi vyetu, akakula vyote na maganda. "Hata maganda haachi," baba alisema ku sikio langu. "Njo vile franga inabakiaka."

Pharmacien aliona tunacheka. Haikumufurahisha. "Muzee, sikufichi kitu. Hii pharmacie ni ya patron, mwenye mali. Patron hakusoma, anauzisha kakao. Mi njo nilisoma, na ananilipa siku anakumbuka. Kiwaya niliweka juu kiatu kilikatika."

"Naelewa, naelewa," baba alisema. "Ficha tu muzuri."

"Na weye, muzee?" Ule mutu alikuwa amechoka sasa. "Viatu vyako ni vibaya kuliko vyangu. Weye njo uko tajiri wa kunishinda?"

Baba akaangalia viatu vyake mwenyewe. Kisha akasema, na sauti ndogo, "Apana. Hivi vyangu ni vya zamani tu."

Nilisikia. Miaka kumi na nane nilikula viazi bila mafuta, nikijiambia ya kama tunaficha. Kumbe hatukuwa tunaficha. Hatukuwa na kitu!

Ku njia ya kurudi, motard alisimama kuweka essence ya chupa mu pikipiki, tukabakia baba na miye pembeni ya barabara. Nilikuwa nimekasirika, na haya ilikuwa imenikamata, na huruma pia.

"Ulikuwa unaamini?" baba aliuliza.

"Ndiyo, Tata."

"Mama yako anajua. Kipese yote inajua. Weye tu njo ulikuwa unaniangalia kama patron. Ikanifurahisha. Nikaacha vile."

Nikamuambia ku masomo nilisema iko na nyumba Kampala. Akanigeukia.

"Ya vyumba ngapi?"

"Tano."

Akahesabu na vidole. "Inatosha," alisema.

Siku ya tano tulifika ku bureau ya inscription, batu bamejaa mpaka ku mulango. Bakanipatia fiche, karatasi ya kujaza. Usiku mbili nilikuwa nimefanya hesabu ya ile miti mu kichwa: miaka tatu itakula nusu, miaka sita itakula yote, na baba atabakia na shamba ya visiki. Nikaandika comptabilité, na herufi kubwa. Secrétaire akauliza kama nimechagua vizuri. Nikasema ndiyo, nimechunguza, comptable analipwa zaidi.

Baba akakamata fiche. Hasomaki mbio. Alisoma na kidole, herufi kwa herufi, na batu ba nyuma banaguna, mpaka akafika ku mwisho wa lile neno.

"Unadanganya," alisema. "Na unadanganya vibaya. Mu hii jamaa fundi wa ile kazi ni miye." Akaomba bic ya kuandika kwa ule mama secrétaire, akakata comptabilité na mustari mukubwa. "Mama, muandikie dawa."

"Tata, ni miaka sita. Miti yote itaisha."

"Kalitusi unakata, inaota tena ku kisiki. Mi nililima, najua. Weye mutoto, nikikukata leo, sijui kama utaota."

Nililia pale pale, na sauti, mbele ya batu bote. Secrétaire akasukuma fiche pembeni, akaniambia nisiilowanishe, juu fiche ingine banalipishaka.