Jicho la Mama Kerubo

Nilipokuwa mtoto, tukiishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai karibu na Kimulot, niliamini kwamba jirani yetu alikuwa na jicho. Sisi Wakisii tukisema mtu ana jicho, tunamaanisha kwamba akimtazama mtoto, ngozi ya mtoto inanasa vitu: nywele, punje, uchafu usioonekana. Kisha mtoto anaanza kuugua. Jirani huyo, Mama Kerubo, alikuwa mjane aliyechuma chai pamoja na mama yangu. Macho yake yalikuwa makubwa, na yakishatua mahali hayakuwa na haraka ya kuondoka.

Mdogo wangu, Momanyi, alikuwa na madoa meusi mwilini tangu alipoanza kutambaa. Akigonga goti kwenye kiti, linafura siku nzima. Nyanya, mama mzaa mama, alipotutembelea kutoka Kisii, alimvua shati akamkagua polepole.

"Huyu ameangaliwa," alisema.

Basi kila asubuhi akawa anampaka siagi na kumsugua ili kutoa kilichonata. Momanyi alilia, na madoa yakazidi. Mama Kerubo akipita, Nyanya alimfunika kwa leso.

Halafu mvua zikaanza. Momanyi aliteleza uani akajiuma ulimi. Kidonda kidogo tu, lakini damu haikukoma. Baba alimbeba hadi zahanati, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali kubwa. Wazazi wangu walirudi bila yeye.

Kule hospitalini daktari alimuuliza mama kama kwao kuliwahi kufa mvulana kwa kuvuja damu. Walikuwepo wawili, kaka zake. Ndipo akaelezwa kwamba kuna ugonjwa wa nadra unaofanya damu isigande inavyopaswa. Mama humrithisha mtoto bila yeye mwenyewe kujua, na wanaoumia zaidi ni wavulana.

Jioni ya matanga, kabla ya kusafiri Kisii kumzika, Mama Kerubo alikuja na mzigo wa kuni mgongoni. Wanawake walimzibia mlango.

"Arudi kwake!" Nyanya alipaza sauti. "Amemaliza mtoto, anataka nini tena?"

Mama alikuwa ameketi sakafuni. Aliinuka, akajifunga leso upya kiunoni, akaikaza. Alipita katikati ya wale wanawake, akamtua Mama Kerubo kuni, akamshika mkono.

"Hakuna mtu aliangalia mtoto wangu," alisema. "Ni ugonjwa ya damu yetu. Imetoka kwangu, na kwangu imetoka kwako, mama. Hata kaka zangu, Ombati na ndugu yake, ni hiyo iliwaua."

Nyanya alikaa chini. Miaka yote alikuwa amemlaumu mke mwenzake, Bosibori, kwa vifo vya wanawe hao, hata Bosibori akafukuzwa kijijini.

"Kwa hivyo Bosibori..." alianza.

Mama alimketisha Mama Kerubo kando yake, wakakesha pamoja.

Nyanya hakubadilika kabisa. Aliendelea kuwapaka wajukuu siagi mpaka alipofariki. Ila mwaka huohuo alisafiri hadi Kipkelion, alikohamia Bosibori, na waliyozungumza hakumwambia mtu.

Zamani nilidhani mama alikuwa anamtetea jirani tu. Sasa najua lilikuwa jambo zito zaidi. Siku hiyo kila mtu angemruhusu amtwike mwingine uchungu wake, naye akakataa. Hakuwa na kosa kwa damu aliyorithi, lakini akishajua ukweli hakukubali kuuficha.

Nilipimwa kabla ya kuolewa, nikakutwa nimeubeba ugonjwa huo. Mwanangu wa kwanza ni mvulana, naye anao. Nilimweleza mama mkwe yote, bila kumficha lolote, kabla hajaanza kujiuliza ni nani amemtazama mjukuu wake. Alimchukua mtoto mikononi mwangu taratibu.

"Sasa tunafanya aje?" aliuliza.

Nikanawa mikono, nikaanza kumfundisha kuandaa sindano ya dawa inayosaidia damu ya mtoto kuganda.