Karatasi za Mrushaji wa Hail

Nnacheka sasa kwa sababu nyie ni watu wangu, lakini siku ile nilitamani zulia la kaka yangu linifunike mimi na mdomo wangu.

Mnanijua, mimi siamini mtu. Muuza samaki akiniapia kuwa jodari kavuliwa leo, kwanza nifunue mashavu nione wekundu. Basi Rayya, binti wa kaka, alipoposwa na watu wa mtaa wa Hail, kaka akaomba wiki mbili kama ada ili huyo mwanamme aulizwe, na kazi ya kuuliza akanipa mimi (nani mwengine?). Tabu ni kuwa huyo mposaji, Haitham, kakulia Marekani. Wa hapa Maskati unamuulizia msikitini kwao, kazini kwake, kwa jirani, na jua halijazama unajua mpaka alichokula. Huyu kazi yake ilikuwa kucheza besiboli, tena mrushaji, yule anayemrushia mpira mwenye gongo. Nani huku mtaani kwetu Ansab amjue? Nikaamua, na ndipo nilipoharibu, kumuulizia kwenye simu, mtandaoni.

Nikalipata jedwali lake lote la mechi, mwaka kwa mwaka, ligi ndogo mpaka ligi kuu. Ya Rabbi! Kila mwaka timu nyengine, mji mwengine. Mtu mzima gani hakai mahali? Tena kuna safu nzima ya watu aliowapiga, na kila mwaka wapo! Halafu alipofika ligi kuu, mechi chache tu, jina likakatika. Nikasema huyu kafukuzwa, pana jambo. Nikazichapisha karatasi, nikazipigia mistari myekundu, nikazitia mkobani. Sikumwambia hata Rayya. Kaka nikamwambia, "Usijibu kitu mpaka wanawake wao waje niwaone."

Wakaja Ijumaa alasiri. Wanaume majlisi, sisi ndani, mama yake Haitham anatembelea mkongojo, halwa iko mezani, na Rayya anamimina kahawa kwa furaha mpaka nikamshuku na yeye. Sikungoja hata kikombe cha kwanza kitikiswe, kuonesha mgeni katosheka. Nikatoa karatasi.

"Bibi, hawa watu anaowapiga mwanao kila mwaka, wamemkosea nini?"

Yule mama akavaa miwani, akasoma, akaanza kucheka mpaka machozi. Akachukua chungwa kwenye sinia. "Mpira ukimteleza mkononi, unampata mwenye gongo, hivi," akanigonga nalo begani (ndiyo, mimi, mbele ya watu). "Hakuna mrushaji asiyekuwa nao. Na timu, wakubwa ndio wanaomhamisha. Kila wakimhamisha, anapanda."

Mwenye akili zake angenyamaza hapo. Mimi nikasema, "Na mwisho huku? Mbona kakatika ghafla?"

Hapo hakucheka.

"Hapo niliumwa mimi, bibi. Figo. Nna mtoto mmoja tu. Miaka yote ile kaitafuta ligi kuu, na alipoipata kaiacha, akaja huku kunipeleka hospitali."

Rayya akaweka birika chini. "Shangazi, yote haya Haitham kanambia. Ungeniuliza tu." Machozi yamemjaa, na mimi nimesaidia kumlea. Aibu ile iliniuma, siwafichi. Nikaona posa ya mtoto wa watu inavunjika kwa wino wangu mwekundu.

Wifi yangu, mama yake Rayya, akadakia. "Wifi, na wewe tukikuchapisha je? Waume watatu, nyumba tano, hukai mahali!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Jamani, wawili walikufa! Lakini karatasi isingesema hivyo, na hilo nililijua nikiwa nimekaa pale pale.

"Haya," yule mama akasema, "jawabu letu liko wapi?" Na wote wakanitazama mimi. Nikainuka, nikambusu kichwani, nikasema, "Mtoto ni wenu."

Nimeapa, nikitumwa tena kumuulizia mtu, n'taanza kwa mama yake, na jambo la kwenye simu libakie kwenye simu. Karatasi zenyewe anazo Rayya. Kazitia fremu sebuleni kwake, na mistari yangu myekundu, na mgeni akiuliza nani kaipiga, ananinyooshea mimi kidole.