Aliyerudisha Makosa

Mwandishi wa programu wa meza ya dirishani hagombi kwa sauti; hasira zake hukaa vidoleni. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, ikimwambia kwamba faili fulani ya kichwa, ile inayoitangulia programu na kueleza vipimo vyake, haionekani, yeye hugonga meza kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayebisha hodi kwa jirani huku akijua yumo ndani. Kisha hufuta miwani kwa upindo wa blauzi na kusoma mstari wa kwanza wa kosa, huo tu. Mingine, husema, ni mkia wa huo wa kwanza. Leo asubuhi, ofisi ikiwa ndiyo kwanza imehamia kompaila mpya, hakukuta kosa hata moja. Programu ya vitanda vya joto vya watoto njiti imepita kimya.

"Nimekusaidia, dada," alisema mwenzake, akikoroga chai. "Nimenakili faili za vichwa za kompaila ya zamani, nikazimwaga kwenye hii mpya. Kelele zimekwisha."

Kidole hakikugonga. "Faili hizo ndizo zinazoiambia kompaila kila namba ina ukubwa gani, na hizi kompaila mbili hazipimi sawa. Hii mpya ilikuwa inauliza njia, kaka. Wewe umeiziba mdomo."

"Lakini si inafanya kazi?"

"Kitanda kikikosea joto, mtoto njiti atamwambia nani?"

Akazifuta faili zote zilizonakiliwa, akaiendesha kompaila upya. Makosa yakabubujika, mekundu, skrini nzima. Akavuta kiti, akavaa miwani. "Haya," aliiambia kompaila, kwa upole ambao mwenzake hajawahi kuuonja, "sema, nakusikiliza."