Mume Wangu Alimbembeleza Mtoto kwa Wimbo wa Tukuyu

Admin, naomba jina langu usilitoe kabisa, maana hapa Kirua Vunjo ukipiga chafya jirani anajua ni wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nimefunga ndoa kanisani, huu ni mwaka wa tatu na sijajaliwa mtoto. Mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Kwao yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila zetu tunaishi kwenye kihamba cha wazazi wake, yaani shamba la migomba la ukoo, pamoja na mama mkwe.

Niwaambie ukweli, mimi nina waume wawili. Mmoja ni wa nyumbani. Huyo hashiki sufuria, anaongea na mimi kama yuko kwenye kikao, na sala yake ya chakula ni ndefu mpaka mtori wetu wa ndizi unapoa. Wa pili anatokea tukisafiri, basi likishapita Himo na kuiacha Kirua nyuma. Huyo ananishika mkono, ananimenyea chungwa, tukifika gesti anafua hata blauzi zangu. Tukiwa tunarudi, tukikaribia Himo mkono unaachiwa. Nilikuwa nacheka tu. Nikasema ndivyo watu walivyo wakitoka kwao, hata mzee wetu wa kanisa tukienda ziara ya kwaya anavua tai na kucheza mpaka tunamwonea aibu. Nilizipenda safari kwa sababu ya yule mume wa pili. Sikujiuliza alifundishwa na nani.

Mwaka huu tulienda semina ya wanandoa vijana Lushoto, tukachanganyika na wenzetu wa mikoa mingine. Katikati ya somo mtoto mchanga wa dada mmoja wa Mbeya akaanza kulia, kile kilio cha tumbo. Mama yake alihangaika mpaka akataka kulia na yeye. Mume wangu akainuka bila kuombwa, akampokea, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiwiko, akawa anampapasa mgongo na kumwimbia taratibu huku anatembea naye. Mtoto akanyamaza. Mke wa mchungaji akasema, "Jamani, huyu ni baba mzoefu!" Watu wote wakacheka. Mume wangu hakucheka.

Yule dada akamuuliza, "Shemeji, huo si wimbo wetu wa Kinyakyusa? Umeujulia wapi?"

"Kabla sijaoa nilifanya kazi huko kwenu Tukuyu. Kazini mtu anasikia mengi."

Wapendwa, mashine ya kahawa haiimbiwi ilale. Na mtu aliyezaliwa wa mwisho hana mdogo aliyemlea. Siku zote zilizobaki za semina sikusikia somo hata moja, nilikuwa namwangalia mikono. Nikakumbuka hospitali walivyotuambia tupime wote wawili. Mimi nilipima, nikaambiwa sina tatizo. Yeye alikataa, akasema, "Mimi najijua." Wakati ule nilidhani ni kiburi cha kiume.

Nyumbani tasa ni mimi. Mzazi yeyote wa jirani akijifungua, mama mkwe anapika mtori na kunituma mimi niupeleke. Nikirudi na chombo ananiambia, "Ndizi zangu mimi ni za kulisha wazazi wa watu tu, eh?" Mume wangu anakuwa amekaa palepale, anasikia, anatazama chini. Sijawahi kumsikia akisema hata neno moja la kunitetea. Inaniuma sana.

Sasa juzi tumemaliza kula, akaniambia kuna fundi mwenzake wa Tukuyu amefariki, ameacha mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, na anaona ni vyema tumchukue tumlee kabla ya Krismasi. Nikauliza, "Marehemu anaitwa nani?"

"Wewe unataka mtoto au unataka jina?"

"Na mama yake yuko wapi?"

"Ameolewa kwingine. Mke wangu, ni kazi ya Mungu hii."

Nikajifanya nimeelewa. Nikasema basi nitapanda maharage mengi, watoto wanayapenda. Akajibu haraka, "Huyo maharage hali, yanamsumbua tumbo." Ghafla akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe ambao nilishawalisha.

Nikajipa moyo kwamba labda nawaza vibaya, labda kweli ni wema tu na mimi ndiye mwenye roho chafu. Kesho yake akamweleza mama yake mbele yangu. Sasa mjue mama mkwe alivyo. Kwa huyu mama hata fundi wa bomba hapewi maji ya kunywa kabla hajaulizwa ni wa ukoo gani na babu yake alizikwa wapi. Mimi nilipochumbiwa alichimba ukoo wetu mpaka nikahisi nimeshtakiwa. Mtoto wa mbali, wa kabila lingine, anakuja kukaa kwenye kihamba chake, nikasubiri aulize. Hakuuliza ni wa nani. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mlete. Huku kuna baridi, atalala chumbani kwangu."

Mume wangu anataka jibu langu Jumapili tukitoka ibadani. Nikikataa, kijiji kizima kitasema tasa amemkatalia yatima. Nikikubali, nitakuwa nimekubali na uongo. Mtoto simchukii, najijua, nikimwona tu nitampenda, hata akiwa wa mume wangu. Ila huyu mwanaume kama alikuwa na mtoto miaka yote hii, aliwezaje kukaa pale akisikia naitwa tasa?

Mlio kwenye ndoa nisaidieni mawazo, msinionee haya. Nidai ukweli kwanza, hata kama utaivunja ndoa yangu? Au nimpokee mtoto, ninyamaze kama wanavyonyamaza wao?