Mbao Hamsini za Bi Vumbi

Dereva wa lori aliniteremsha kwenye geti la kijani, akasema niulizie mbele. Nilikuwa nimepotea njia, nikitafuta nyumba ya wageni. Nilichokikuta kilikuwa banda refu linalonukia maranda, na mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nyumba ya wageni iko nyuma yetu, lakini mwenye funguo harudi mpaka jioni," alisema. "Una mikono miwili? Basi karibu, tupokezane mbao."

Fundi wa mashine ya randa, mzee mwenye masikio yaliyozibwa kwa pamba, alicheka. "Mgeni siku ya kwanza, Bi Vumbi, na wewe ushampa jembe?"

Bi Vumbi anapima miti. Kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akiiranda, akiitoboa, akiikereza na kuikausha kwenye tanuri, kisha anaandika mti gani unafaa kazi gani. Maseremala wa kote huko humsikiliza, isipokuwa mmoja, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja.

Miaka sita iliyopita aliupima mti ambao watu waliujua kwa kuni tu. Uso wake ulinyofoka vibaya chini ya randa, naye akaandika: haufai. Kaka yake alikuwa ametengeneza viti vya mti huohuo kwa randa ya mkono, vinang'aa kama kioo. Tangu ripoti ile itoke, hakuna shule iliyotaka viti vyake. Hawakugombana. Ila kila Bi Vumbi anapokwenda kula kwake, kaka humsogezea kimoja na kumwambia, "Kaa, dada, usiogope. Hakijasoma ripoti yako."

Mwezi uliopita, akipanga madaftari, aliona mfuatano wa kazi za siku ile. Kabla ya mti wa kaka yake, mashine ilikuwa imeranda mti mwingine, ule wenye chembe ngumu ndani kama mchanga. Visu vilikuwa vimeliwa, na hakuna aliyevinoa.

"Niliuhukumu mti kwa kosa la kisu," aliniambia.

Leo anarudia: mbao hamsini, visu vipya, mwendo wa taratibu. Arobaini zikitoka safi, mti umepita. Nilizipeleka moja moja, fundi akaziingiza, Bi Vumbi akazipokea upande wa pili. Hakuziangalia. Alifumba macho na kupitisha vidole, kwa sababu, alisema, rangi nzuri hudanganya jicho.

"Ukizipapasa hivyo, zitaleta posa," fundi alisema.

"Zije. Wewe ulileta, nikakataa."

Ubao wa tisa ulinyofoka, na wa kumi na mbili pia. Aliziandika zote mbili daftarini. Kisha ukaja mfululizo mrefu wa mbao laini, na mwisho aliweka kalamu chini kama mtu anayetua ndoo.

"Arobaini na tatu."

Fundi alitoa pamba masikioni. "Andika tumeboresha vifaa. Nani atauliza?"

"Visu havikujiboresha. Mimi ndiye ambaye sikuvinoa." Akaandika mistari miwili tu: ripoti ya kwanza ifutwe, kosa ni la mpimaji. Akatia saini, akaisoma tena, na uso wake ukakunjuka. Nadhani hakutarajia kuona raha kiasi kile.

Alichagua mbao mbili, mmoja safi na mmoja ulionyofoka.

"Wa nini huo mbovu?" nikauliza.

"Kaka atataka kuuona. Nikimpelekea mzuri peke yake atasema namwonea huruma." Alizifunga nyuma ya baiskeli. "Mgeni, kwenye tanuri kuna vipande sita vya mti huu. Saa kumi vitoe, upime, uandike. Uzito ukiwa uleule nilioupima saa sita mchana, vimekauka. Na vaa glavu, jasho nalo lina uzito."

"Na wewe unarudi lini?"

"Nikishakaa kwenye kile kiti mpaka nichoke."

Alipita getini akipiga kengele ya baiskeli bila sababu, maana njia ilikuwa tupu. Fundi alikwenda kulala juu ya maranda. Mimi nilivuta kigoda mbele ya mizani, glavu mapajani, nikitazama saa ya ukutani. Ilikuwa tisa na nusu.