Namba Saba Mkononi mwa Baba

Mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu nikiwa nimekaa nje ya kiwanja cha gofu Arusha, nasubiri zamu yangu ya kubeba mfuko. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, kaipiga mnadani Balangdalalu, upande wa kwetu, huku anatembea. Aliandika kwamba kuna muuza mitumba kaleta fimbo za chuma, wachungaji wanazigombania kwa sababu hazivunjiki na mchwa hawazili. Nikaikuza. Katikati ya viatu na mikanda niliona vichwa vilivyobapa vimepangwa juu ya turubai. Hizo zilikuwa fimbo za gofu, tena vyuma, tena za aina moja.

Nieleze kwanza kwa nini picha ya mitumba ilinipandisha presha. Mimi nilikuwa kedi, yaani mtu wa kubeba mfuko wa mchezaji, kumwonyesha upepo unatoka wapi na kumtafutia mpira wake kwenye majani. Kazi ya kibarua. Mvua ikinyesha hakuna wachezaji, na wachezaji wasipokuja hakuna chakula. Msimu huo uongozi wa kiwanja ulitangaza kwamba utachukua wawili kati yetu, wafundishwe kuwa wasaidizi wa mwalimu, waajiriwe kwa mshahara. Sharti lilikuwa moja. Kila anayetaka kujaribiwa aje na vyuma vyake mwenyewe, hata viwe vikuukuu, na asiazime kwa mchezaji yeyote, maana kuazimana kulishaleta ugomvi pale. Vyuma vina namba, namba ikipanda chuma kinafupika, na tulijua jaribio litakuwa juu ya namba saba, kwa sababu anayeanza kujifunza gofu hupewa saba kwanza, na msaidizi wa mwalimu ndiye anayemwonyesha namna ya kuipiga.

Mimi saba nilikuwa naipiga vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, nilikuwa naipiga kuliko baadhi ya wanaume niliowabebea mifuko. Lakini ya kwangu sikuwa nayo. Seti mpya sikuthubutu hata kuuliza bei. Za mitumba za pale mjini nazo zilikuwa na wenyewe, na kedi mmoja aliyekuwa akiuza moja moja alitaka kwa chuma kimoja fedha ambayo ingenilisha mwezi. Wenzangu walikuwa wameshanunua, mimi nahesabu vidole.

Basi nikampigia mdogo wangu, nikamwambia amzuie yule muuzaji, lakini asionyeshe kwamba tuna shida nazo. Jamani, mdogo wangu! Alimwendea akamwambia dada yake anakuja kutoka Arusha kwa ajili ya hizo fimbo tu. Toka Arusha mpaka Katesh nilikaa kwenye basi nikimlaani kimoyomoyo, na kutoka Katesh nikapanda bodaboda na vumbi likinijaa mdomoni, nikiwaza kwamba nitafika nikute kauza zote kwa bei ya juu, au kanisubiri anichune ngozi.

Mnada ulikuwa umekwisha jana yake. Nilimkuta nje ya nyumba ya wageni anafunga marobota yake, na fimbo zimesimamishwa ukutani. Nilijikausha. Nikaangalia kwanza sweta, nikaangalia na suruali ya mtoto ambaye sina. Mwishowe nikaokota chuma kimoja kama mtu anayeokota kuni. Mtu akinunua vyuma vikuukuu kuna mambo lazima ayaone, na pale sikuwa na muda wala mtu wa kumuuliza. Nilifumba jicho moja nikaangalia bomba la mpini kama limepinda. Nilishika kichwa nikakizungusha nione kama kimelegea. Nilipitisha ukucha kwenye mistari ya uso wake, maana mistari ikiisha chuma hakiushiki mpira. Mdogo wangu akaniambia kwa sauti, mbele ya muuzaji, kwamba nachagua kama mzee anayechagua fimbo ya kwenda nayo kuposa. Nilitamani kumziba mdomo.

Zilikuwa nzuri. Nzito kidogo kwa mwanamke, mipira ya kushikia imekakamaa, lakini zilikuwa za ukoo mmoja, na hilo kwa mtu wa fedha yangu ni bahati. Nikageuza kila moja nisome namba chini ya kichwa. Nne, tano, sita. Nane, tisa, na ile fupi ya kurusha mpira juu. Nikarudia tena. Saba haikuwepo.

Muuzaji akasema ilinunuliwa asubuhi kabisa ya siku ya mnada, na mteja wa kwanza. Mzee mmoja mwenye shuka nyeusi, anatokea upande wa Getanuwas, kijijini kwetu. Alizijaribu zote moja moja, akisimama wima na kuweka kiganja juu ya kichwa cha chuma, mpaka akapata iliyomkaa. Hakupatana bei hata kidogo, alilipa akaondoka. Nikamwangalia mdogo wangu, naye akaangalia chini. Alikuwa anajua. Mzee huyo alikuwa baba yetu.

Nililipa zilizobaki, nikatoa karibu kila nilichokuja nacho, nikazitia kwenye kiroba. Njia nzima kuelekea nyumbani nilikuwa najiambia kwamba ni jambo dogo, baba ni baba. Lakini sikuwa najidanganya sana. Kwetu fimbo ya mzee haiombwi. Kumwomba mzee fimbo anayotembelea ni kumwambia akae chini, miguu yake imekwisha. Na yeye naye haitoi hivi hivi. Mzee akimkabidhi mtu fimbo yake, watu wanajua anaanza kugawa mji, na wanaulizana anaumwa nini. Mama angekuwepo ningepitia kwake, yeye ni mtu wa Tumati, ana namna ya kumzungusha baba mpaka jambo lionekane ni wazo la baba mwenyewe. Lakini mama alikuwa huko huko Tumati kwa ndugu zake, wanavuna.

Baba alirudi na ng'ombe jua likielekea kushuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi ya kubeba mizigo ya watu wazima wenye mikono yao. Hajawahi kuielewa kazi yangu. Macho yangu yalikuwa kwenye fimbo. Alikuwa ameigeuza juu chini kama wanavyofanya wote, kichwa cha chuma kikiwa kiganjani na sehemu ya kushikia ikiwa chini inagusa ardhi. Kichwa kilikuwa kinang'aa kwa samli. Kule chini, kwenye mpira, alikuwa ameshona ngozi mbichi ya ng'ombe ikakaukia pale pale, imebana kama soksi.

Siku zilizofuata nilikuwa mgonjwa wa roho. Baba akigonga jiwe kwa ile fimbo, mimi nashtuka. Akiitumia kuchimbua mzizi wa dawa, mimi najishika kichwa. Asubuhi moja aliirusha kumfukuza fisi aliyekuwa anazunguka zizi, nikasikia chuma kinalia kwenye mwamba, nikatoka nje mbio. Baba akadhani nimemwogopa fisi, akanicheka. Nilikuwa namfuata kwa macho kama mdai. Mdogo wangu akanishauri tuibadilishe kimya kimya baba akiwa amelala, tumwekee sita, hatatambua. Nikamwambia anyamaze. Mzee anayemjua kila ndama kwa kwato zake atashindwaje kuitambua fimbo yake mwenyewe?

Jaribio lilikuwa linakaribia na mimi bado nazurura nyumbani kama mgeni aliyesahau alichofuata. Nilijaribu kujifariji kwamba nitapiga sita taratibu, au nane kwa nguvu. Uongo mtupu. Wangeniambia nitoe saba, na ningesimama pale mbele ya watu na kiroba. Kila nilipojipanga kumwambia baba, nilijikuta nauliza habari za ng'ombe. Niliogopa kukosa kazi, na niliogopa zaidi kumwambia baba yangu kwa mdomo wangu kwamba amezeeka.

Mwishowe yeye ndiye aliyeanza. Mchana mmoja alikuwa amepumzika kwenye kivuli cha nyumba, ng'ombe wako na kijana wa jirani, akaniita akasema nilete kile kiroba ninachokilalia. Nikakileta. Akataka nimwonyeshe. Nikavitandaza vyuma juu ya ngozi, kuanzia kirefu mpaka kifupi, kama ninavyovipanga siku zote. Akaviangalia kwa muda. Vinapishana urefu kwa upana wa kidole tu, lakini katikati kulikuwa na pengo la vidole viwili, na jicho lake halikuchelewa. Akachukua fimbo yake, akaigeuza, akailaza kwenye lile pengo. Ilikaa sawasawa.

"Ndiyo maana huli," akasema.

Nikamweleza yote. Kiwanja, mshahara, sharti, namba saba. Nilikuwa naongea haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Kwa nini hukusema?"

"Fimbo ya mzee haiombwi, baba."

"Haiombwi," akakubali. "Wala mimi sikupi. Wataniletea mganga." Akavitazama tena vile vyuma. "Lakini watu wanabadilishana."

Roho yangu ilishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilikuwa na namba nne, ndefu kuliko zote, ngumu kuipiga, hata wachezaji wazuri huiacha nyumbani. Nisingeihitaji. Na baba ni mrefu, kule uwandani watu humtambua kwa mbali kwa urefu wake kabla hawajaona sura. Nikamkabidhi ile nne kwa mikono miwili, nikamwambia hii ndiyo inayofaa mtu mrefu kama yeye, ile saba ilikuwa inampunja.

Akasimama. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha chuma. Bega lake likapanda juu, kiwiko kikakunjika, akawa kama mtu aliyeshika fimbo ya mtu mwingine. Alikaa hivyo kidogo, kisha akairudisha chini.

"Kule mnadani nilianza na hii," akasema. "Nilijua ndiyo yangu."

Nilikuwa nimemwona kila siku, nimeiangalia fimbo yake mpaka macho yakauma, na sikuwa nimemwangalia yeye. Mgongo wake ulikuwa umeanza kushuka. Nikampa tano, akaikataa. Nikampa sita, kwa kuwa ndiyo inayokaribiana na saba, na nikawa namwomba Mungu, yule anayeombwa na mama, baba aichukue. Akaijaribu, akasema ina kimo cha mwaka jana. Akainama mwenyewe, akaokota namba nane.

"Hiyo ni fupi, baba. Itakuinamisha."

"Sasa ni fupi. Mwakani itanitosha."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayemnunulia mtoto viatu vya kukulia. Kisha akatoa kisu, akaanza kuifumua ngozi kutoka kwenye saba, taratibu, asiukate mpira. Ule mpira ulikuwa mzima kabisa kule ndani, ngozi ilikuwa imeulinda. Akanikabidhi, akachukua nane yake, akaenda kuwaangalia ng'ombe. Nilikaa pale na namba saba magotini, nikalia. Mdogo wangu alinikuta akadhani nimenyimwa.

Kwenye jaribio mpira wa kwanza uliruka kando, wa pili nikauchota na udongo, halafu mwili ukakumbuka kazi yake na mingine yote ikaenda ilikotumwa. Mmoja wa wasimamizi alifungua mfuko wangu akauliza nane iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani. Nilichukuliwa.

Likizo yangu ya kwanza nilipanda basi kurudi Getanuwas, na njiani hofu ilikuwa moja tu. Nilifika wakati ng'ombe wanaingia. Baba alikuwa mbele yao, amevaa shuka ile ile, anatembea bila haraka. Nilisimama mlangoni nisimkimbilie, ili nimwone vizuri kabla hajaniona. Mkono wake ulikuwa umelegea, bega limekaa sawa na jingine, kiganja kimelala juu ya ile nane kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Mwaka ulikuwa haujafika hata nusu.

Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama wamenipa mshahara. Nikasema wamenipa. Akafurahi, akawaambia hata ng'ombe.

Kazini sasa nafundisha, na saba ndiyo ninayoishika kutwa nzima. Nyingine ninazitoa nikihitaji. Ila kuna tisa, ambayo ni fupi kuliko nane kwa kidole kimoja, na hiyo kila nikiigusa naingiwa na baridi, naisukuma chini kabisa ya mfuko.