Nafasi ya vidole viwili

Habari niliipata sokoni, mkono wangu ukiwa ndani ya beseni la perege. Mama muuza samaki, ambaye hunifungia fungu langu kila Jumamosi hapa Ifakara, siku hiyo hakunisalimia kwanza kama ilivyo kawaida yake. Alisema tu, "Mwandishi, yule mzee wa migono wa Michenga amefariki jana. Tunazika kesho." Nikampa pole, nikauliza alikuwa anaumwa nini, maswali yale yale tunayouliza sote. Akanijibu, kisha akaongeza huku akifukuza nzi, "Gazeti lako halikumkuta. Mara mbili alinituma kwako." Nikatazama nilichoshika: perege wa urefu wa kidole, watano kwenye kiganja kimoja, macho makubwa kuliko miili yao. Nikawarudisha kwenye beseni. Nilipata hasira pale, na ninapoandika haya bado ninayo. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, lakini si yote, na leo nitajitahidi kuigawa kwa haki, kila mtu apate fungu lake.

Kwa msomaji asiyeujua mto wetu, mgono ni mtego wa samaki unaosukwa kwa vijiti vya matete, mrefu kama mtu aliyelala, mpana mdomoni na mwembamba mkiani. Ndani ya mdomo kuna mdomo mwingine mdogo. Samaki akishaupita huo, njia ya kurudi haioni. Marehemu alikuwa akisuka migono tangu ujana wake. Kuvua alivua kidogo sana, ingawa mazikoni mhubiri alimsifu kuwa mvuvi hodari na hakuna aliyemsahihisha. Yeye alikuwa msukaji. Na namna yake ya kusuka ilikuwa hivi: kila akifunga kijiti, kabla ya kuweka kinachofuata, alichomeka vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikiwa vimebanana. Vikipita, anaendelea. Visipopita, anafungua. Miaka ya mwisho vidole vyake vilivimba kwa maumivu ya viungo, nafasi nazo zikapanuka, na wavuvi wakaanza kumlalamikia kwamba hata samaki wa kuliwa wanatoka. Akawa anawaambia, "Mimi nimezeeka, na perege wananiombea niishi."

Nilimfahamu kwa sababu ya safari, na safari yenyewe niliifanya kwa sababu nilikuwa nimekauka. Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka kipindi kile nilipokuwa narudia mambo: mvua, bei ya mpunga, mvua tena. Daftari langu lilijaa tarehe na hali ya hewa tu. Ndipo akaja dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mpambaji wa nyumba na hoteli, na gari lake zuri, anatafuta mtu wa kumzungusha bondeni aone vitu vinavyotengenezwa kwa mikono. Alisema mjini mawazo yamemwishia. Nikajisemea, basi tuko wawili. Tukaondoka asubuhi kuelekea Mlimba, na sitasema uongo, zile siku tatu zilikuwa nzuri. Alisimamisha gari kwa kila kitu. Ungo umeanikwa juu ya paa, anasimama. Mwanamke amebeba mkeka kichwani, anasimama, anasalimia, anaugusa pindo kwa kidole kama daktari. Pale Mlimba alikaa muda mrefu akimtazama fundi akichonga mwiko, hakupiga hata picha. Mimi nilikuwa naandika goti likiwa ndiyo meza. Hata nilipofika nyumbani mkono ulikuwa unataka kuandika, kitu ambacho kilikuwa hakijanitokea muda mrefu.

Tulipokuwa tunarudi tulipitia Michenga, na ndipo tulipomkuta mzee ameketi kando ya jiko lake, mgono umesimama mbele yake nusu umekwisha. Yule dada akapiga goti, akasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Karibuni. Huyo mwenye daftari ni polisi?"

"Ni mwandishi, babu."

"Afadhali polisi, anaondoka akishapata alichotaka."

Tukacheka. Yule dada akauzunguka ule mgono mara mbili, akauinua kulielekea jua, akaniambia macho yake yakiwa yamejaa machozi kwamba hajawahi kuona umbo zuri namna ile. Naamini alisema kweli. Kisha akauliza, "Babu, unaweza kunisukia vijiti vikae karibu karibu zaidi? Nataka kutia taa ndani. Vikibanana, balbu haionekani, halafu ukutani inatoka mistari myembamba."

"Taa?" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Samaki wa umeme! Mama, vidole vyangu havijui kubana. Waone vijana wale pale ng'ambo ya barabara, wao vidole vyao bado havijazoea kitu. Lakini ukishabana, huo si mgono. Utafutie jina jingine."

"Jina ndilo zuri, babu," akasema dada. "Nitaacha hilo hilo."

Nayaandika haya kwa ukamilifu kwa sababu nataka kuwa wa haki. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwonyesha vijana. Dada naye hakumdanganya mtu. Alilipa alichoambiwa, tena bila kuvutana. Vijana wakapata kazi ya msimu mzima, wakasuka migono ya taa, mizuri, imebana kama ungo, na mimi nikapewa mmoja kama shukrani, nikautundika sebuleni kwangu Viwanja Sitini. Kisha nikaandika. Ile safu mliipenda kuliko zote nilizowahi kuandika. Mlinipigia simu, mlinisimamisha njiani. Niliandika kwamba mikono ya bonde letu imeamka, kwamba kazi ya kale imeboreshwa, na kwamba migono ya siku hizi ni nadhifu kuliko ile ya zamani iliyokuwa na mianya. Mianya! Ndilo neno nililotumia. Nilikuwa nimekaa mbele ya yule mzee saa nzima, nikamwona akichomeka vidole vyake kwenye kila nafasi, na sikumuuliza kwa nini. Niliona ni mazoea ya uzee tu, kama mtu anayejikuna.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mjini kliniki, akapitia kwangu. Mke wangu akamletea chai. Alikuwa hajakaa sawasawa alipoiona ile taa, akaniomba niishushe. Akaipakata. Akajaribu kuingiza vidole viwili, havikuingia. Akajaribu kidole kidogo. Akamwomba mke wangu kiberiti, akachukua njiti moja, akaisukuma kwenye nafasi, ikavunjika.

"Mjukuu wangu alinisomea gazeti lako," akasema. "Umeandika hii ni nadhifu."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Nadhifu kwa nani?"

Nikamwambia nilikuwa nazungumzia macho, uzuri wa kutazama.

"Perege mdogo hana haja na macho yako," akasema. "Anataka pa kutokea. Nafasi hii ndiyo mgono, mwanangu. Vijiti vipo kuishikilia tu." Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Wateja wa yule dada walikuwa wamehamia kwenye taa za vibuyu, na vijana wakabaki na migono mingi iliyobana imejaa kibandani. Walikuwa wameanza kuitega mtoni. Inakamata kila kitu, hadi vifaranga wa samaki waliotoka kwenye mayai juzi. Alikwenda kuwasemesha, na wao wakamwonyesha ukuta wa kibanda, walipokuwa wamebandika safu yangu. Wakamwambia, "Babu, gazeti limesema hii ndiyo bora."

Alimaliza chai yake, akasema, "Andika tena. Sema ile ni ya taa, isiende mtoni. Wewe wakikusoma wanaamini. Mimi wananisikia tu." Nikamwambia nitaandika. Akaenda zake.

Sikuandika. Niliandika juu ya barabara, nikaandika juu ya mpira, nikaandika juu ya harusi zinazochangisha watu hadi wakimbie. Mara mbili yule mama muuza samaki alinifikishia ujumbe: "Mzee anasema bado anasubiri." Mara zote mbili nilisema, wiki ijayo. Nikitafuta sababu napata kadhaa. Nilijiambia sina elimu ya mambo ya samaki, mimi niliyeishia darasa la saba na kujifunza kuandika kwa kusoma magazeti ya kufungia vitumbua. Kesho mtaalamu ataniuliza ushahidi, nitajibu nini? Ni kweli pia kwamba vyandarua vilikuwa mtoni kabla ya taa za mtu yeyote, na mashamba yamesogea hadi kingo za vijito, na dawa za kunyunyizia mpunga zinaishia majini. Siwezi kusema samaki wamepungua kwa ajili ya migono ile. Sina kipimo. Lakini hizo sizo zilizonizuia. Kilichonizuia ni kwamba mlinisifu, na sikutaka kuwaambia kuwa mlinisifu kwa kosa.

Basi tulimzika. Baada ya mazishi, watu wakiwa wameketi wanasubiri wali, wale vijana walikuja wakakaa karibu nami. Walinisalimia kwa heshima, kisha mkubwa wao akasema, bila ukali, "Mzee, wewe ndiye uliyemleta yule dada."

"Ni mimi."

"Na wewe ndiye uliyeandika."

"Ni mimi. Lakini nyinyi ndio mlioitia mtoni."

"Tungeichoma kuni?" akauliza. "Msimu mzima tunasuka. Tuna watoto. Ungekuwa wewe ungeichoma?"

Nisingeichoma. Nikawaambia kitu pekee kilichonijia, kwamba wafungue kijiti kimoja baada ya kingine, waiongezee nafasi.

"Kwa vidole vya nani?" akasema mwenzake, akainua mkono. "Vyangu hivi kama njiti. Vya huyu vinene kama mihogo ya Krismasi. Aliyekuwa na vidole vya kupimia ndiye huyo tumemfukia." Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona aibu. Na alikuwa amesema kweli. Mzee alipima bonde zima kwa mkono wake, na katika sisi sote tuliokuwa tukimtembelea, tukimpiga picha, tukimwita hazina, hakuna aliyewahi kuuchukua upana wa nafasi moja.

Mjukuu wake, yule aliyekuwa akimsomea gazeti, alikuwa anapita na sahani. Alisimama. Akaweka sahani chini, akaingia jikoni, akarudi na mgono mmoja wa zamani uliokuwa darini juu ya moto, mweusi kwa moshi, uliosukwa kabla vidole havijavimba. Akauweka mbele ya wale vijana. "Pimeni hapa," akasema. "Halafu mniachie, huu ni wangu." Yule mwenye vidole vya mihogo akatoa kisu, akakata kijiti cha tete upana sawasawa na nafasi, akakipitisha juu hadi chini, kikapita pote. Wakakata vingine, kila mmoja chake. Nikaomba nami nikatiwe.

Nilisema nitagawa hasira. Kwa vijana inabaki kidogo. Kwa yule dada inabaki zaidi kidogo, kwa sababu aliambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba kilichobanwa si mgono, akalichukua jina kwa kuwa lilikuwa zuri. Kwa wale wanaokuja kwenye mikutano yetu kutuhubiria ubunifu na kuongeza thamani, inabaki ya kutosha. Wanakuta kitu kimekamilika, kila nafasi yake ina kazi, na wanauita ule ukamilifu malighafi. Hawaulizi hiki kinafanya nini. Wanauliza kitapendeza wapi. Mimi napenda safari, na sitaacha kusema kwamba kazi ya mikono ya mtu mwingine inaweza kumwamsha aliyelala, iliniamsha. Ila niliamka nikaanza kuongea kabla sijasikiliza, na fungu lililobaki, ambalo ni kubwa kuliko yote, nalibeba mwenyewe.

Nasahihisha, basi. Mgono uliobana ni wa taa. Aliyenao mtoni autoe, au afungue vijiti hadi kipimo kipite; vijana wa Michenga wanavyo vipimo, watamkatia. Neno "nadhifu" nalifuta, na "mianya" nalifuta. Kijiti changu kipo hapa juu ya karatasi ninapoandika, na ile taa ya sebuleni nimekwisha kuifungua kijiti kimoja baada ya kingine. Imekaa vibaya, imeinama, mke wangu anasema inafanana na mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Atakayekuja tena na gari lake kutafuta vitu vya asili kwetu nitampeleka, sitakataa. Lakini kabla hajasema neno zuri lolote nitampa kijiti hiki akipitishe, kisha aulize kwa nini kinapita. Na mimi nimejifunza kwamba kosa lililochapishwa halizeeki, linabandikwa ukutani na watu wanalifuata, na kwamba aliyenisahihisha alistahili jibu akiwa bado na masikio ya kulisikia.